Ukurasa wa Baba Chebet

Jumanne usiku

Sijawahi kumwambia mtu kwamba napenda kompyuta kwa sababu haziniulizi mbona niko kimya. Leo imenibidi niongee.

Tovuti ya shule yetu, ambayo mimi mwanafunzi ndiye ninayeitunza, ilikuwa ikikwama wazazi wengi wakiifungua pamoja. Seva, ile kompyuta inayotuma kurasa, ilitunga kila ukurasa upya kwa kila mtu, kama mama wa kibandani anayekanda unga kila mteja akiagiza chapati. Jana niliipanga ihifadhi ukurasa ukishatungwa mara moja, kila anayekuja apewe huo huo. Ikawa nyepesi ajabu. Nililala nikitabasamu.

Asubuhi Kamau, tunayesoma naye, akasema mbele ya darasa zima, "Wee Chebet, tovuti ya shule kwa simu ya mathe inamwita Baba Chebet. Na pole na hiyo D ya Kemia."

Walicheka. Mimi nilielewa papo hapo kwa nini mamake Kamau aliitwa hivyo. Babake Chebet ndiye aliyeingia kwanza, na ukurasa wake wa matokeo ndio uliohifadhiwa. Kila mzazi, hata wa mbali kule Lanet, alionyeshwa alama za Chebet.

Mwalimu Koech, anayenisimamia, alitaka kuifunga tovuti kabisa.

"Mwalimu, kosa ni langu, si la tovuti," nikasema. "Ratiba ni ya wote, ihifadhiwe. Matokeo ni ya mtu mmoja, yatungwe upya kila mara."

Akanipa hadi jioni.

Nilifuta nakala zote, nikatenga kurasa za matokeo, nikajaribu kwa akaunti mbili tofauti; kila moja ikaonyesha matokeo yake. Kisha nikamtafuta Chebet, nikamwambia ni mimi, nikakaa naye hadi kengele ilipolia.