Jiwe la Waliobeba Wagonjwa

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa? Watoto na mama yao wote wazima? Mimi nipo, goti tu ndilo linanigomea nikipanda ngazi.

Jana Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wenzake wawili. Eti wanaweka jiwe mbele ya zahanati, kuwaenzi waliojitolea wakati wa kipindupindu wakafa. Jina la baba yako litakuwa juu kabisa, na mimi nitapewa kiti cha mbele.

Nilimtazama mpaka akaanza kusafisha miwani yake. Huyu ndiye aliyetufungia bomba la maji, akisema baba yako anatuletea ugonjwa na mkokoteni wake. Mchana baba yako alikuwa akijenga kuta za watu, jioni akibeba wagonjwa wao, na hakuna aliyemtuma. Alipougua yeye, milango yote ilifungwa. Tulimzika mimi na rafiki yake Kijiko, basi. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuyaona.

Nimewaambia nitafikiri.

Mama yako

19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Huku sote salama, kifua kimetulia. Hilo goti likande kwa maji ya moto, usilinyamazie.

Nakuomba ukubali. Juzi mwanangu mdogo aliniuliza babu yake alikuwa nani, nikakosa hata cha kumwonyesha. Jiwe ataliona. Na usisahau ni Mwenyekiti aliyeniombea kazi hapa gereji kwa mdogo wake. Watu hubadilika, Mama. Mwache naye atengeneze alipoharibu.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mjukuu wangu umbusu kwenye shavu lile lenye kishimo.

Kwa ajili yake, nimekubali. Ila niliomba kitu kimoja: Kijiko akae karibu nami. Unamkumbuka? Ndiye aliyesukuma mkokoteni na baba yako, halafu anakaa kitandani kwa mgonjwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka macho ya mtu yarudi. Sasa analala stoo, nyuma ya karakana ya seremala, miguu imevimba. Mpaka leo wapo wasiopokea kikombe mkononi mwake.

Mwenyekiti akanijibu, "Mama, shughuli hii ni ya marehemu."

Nilipompelekea Kijiko jibu hilo, alicheka mpaka akakohoa. "Basi nitangoja zamu yangu, shemeji."

Kiti chake nitakibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana walionipigia simu wanasema sauti yako ilifika mpaka barabarani.

Mbele ya mgeni rasmi, Mama! Umesimama, umemnyooshea Mwenyekiti kidole, "Huyu ndiye aliyefunga bomba." Wamezima kipaza sauti, wewe umeendelea bila hicho. Leo asubuhi mdogo wake, tajiri wangu, kaniita, kaniambia nikusanye spana zangu.

Ulichopata ni nini? Baba amekufa. Mimi niko hai, na nina watoto wanaokula.

Mwanao

23 Juni

Mwanangu,

Sijui kama umepata kazi. Watoto wanakula? Wanasoma? Nauliza kila siku, ila kalamu ilikuwa nzito.

Kazi yako inaniuma. Sikwenda pale kusema neno. Lakini walimwinua Kijiko kwenye kiti changu nilichombebea, wakampa dereva wa mgeni rasmi. Akakaa chini, na ile miguu, akaniashiria nitulie. Nikatulia. Ndipo Mwenyekiti akasema, "Tulipambana na ugonjwa ule bega kwa bega." Nilipojitambua nilikuwa nimeshasimama.

Kijiko amefariki Alhamisi. Nilimpelekea uji asubuhi, nikamkuta ameshapoa. Tuliomzika ni mimi, seremala na vijana wake. Mwenyekiti alikuja siku ya pili na shada la maua ya plastiki, akauliza jina kamili la marehemu, kwa kuwa kwenye jiwe imebaki nafasi. Wakaulizana mtaa mzima. Hakuna aliyejua jina zaidi ya hilo la Kijiko. Miaka yote ile, mwanangu, na aliwanywesha mama zao.

Wakanigeukia. Nikasema silijui.

Nalijua. Jina lake, la baba yake, na la binti yake aliyetangulia. Aliniambia mwenyewe wiki ile ya mwisho: "Shemeji, hawa wasije wakaniandika." Nilimwahidi, na sijutii.

Ila sitaki nife nalo peke yangu. Hasira zako ziweke kando siku mbili, njoo na mjukuu wangu. Nyinyi nitawatajia.

Mama yako