Dhahabu na Nyoka wa Tatu

Tarehe 5 Machi

Kwa binti yangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na sita. Nimewazika watatu walioapa kwamba nitatangulia kufa mimi, nimedumu kuliko mashimo manne yaliyoporomoka, na mizani miwili ya mnunuzi Kidole imeoza nikiitazama. Kwa hiyo nikisema neno, limesemwa na mtu. U hali gani? Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia. Macho ya mama yako huko kwako yakoje? Huyo mtoto wa jicho bado amekaa tu kama mgeni asiyeaga?

Sasa sikia. Nimepata dhahabu. Si vumbi la kuchungulia kwenye karai. Ni kipande kizima, kama maharagwe mawili yaliyoungana, kina vitawi kama tangawizi, kimekumbatiwa na jiwe jeupe. Miaka arobaini na tisa nachimba. Hawa vijana wenye mashine hawajaona hata ukucha wake.

Kidole, yule mnunuzi anayebonyeza mzani kwa kidole huku akikuuliza habari za nyumbani, amekuja mara mbili. Nikamwambia sina kitu. Akacheka: "Mzee, mbona unatembea kama mwenye mimba?"

Nataka macho ya mama yako yafunguliwe, yote mawili, na sitaki kuibiwa. Wewe unafanya kazi kwa sonara, nielekeze. Simu sitaki. Huku mtandao unashika mbele ya duka la Kidole tu. Andika, na herufi ziwe kubwa.

Ni mimi,
Baba yako

Tarehe 19 Machi

Shikamoo baba,

Sisi hatujambo, isipokuwa mama. Anaona vivuli tu. Juzi amemimina chai mezani akidhani kikombe kipo. Daktari anasema macho yote yanatibika, ila kila jicho lina malipo yake.

Naandika mbiombio, wateja wamejaa na mchukua barua ananihimiza. Usimwonyeshe mtu mwingine. Usimuuzie Kidole hata akilia. Usikubali iyeyushwe. Hapa dukani huja mkusanyaji mmoja, yeye hununua dhahabu kama ilivyotoka ardhini na hulipa mara mbili ya uzito wake. Atakuja mwezi wa tano. Kapime kwenye mzani wa duka la dawa, muuzaji aandike na kutia saini. Kibali chako cha kuchimba njoo nacho, bila karatasi utaitwa mwizi wa mali yako mwenyewe. Safiri mchana, dhahabu ishone kwenye pindo la shati.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: dhahabu uisafishe, hata kwa mswaki. Na hapo baba nakuomba, usiniletee ubishi.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima. Salimia mama.

Nimeisafisha! Mswaki ulishindwa siku ya kwanza, lakini baba yako hafanyi kazi nusu. Nikatafuta tindikali, nikailoweka siku mbili, lile jiwe jeupe likalegea, nikamalizia kwa nyundo ndogo. Vitawi viwili vimekatika, nimevifunga kwenye karatasi, usihofu. Sasa inang'aa kama jino la tajiri.

Kwenye duka la dawa imepimwa gramu tisa. Yule muuzaji ametia saini, kisha akaniuliza, "Mzee, hii ni dawa ya nini?" Nikamwambia ya macho.

Nani kakwambia mimi mbishi?

Baba yako

Tarehe 11 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikasimama. Nilikwambia USISAFISHE! Ule ukoko, lile jiwe jeupe, vile vitawi, ndivyo mkusanyaji alivyokuwa akilipia! Nimempigia simu nikamweleza. Amenijibu, "Umemchuna ngozi, sasa unaniuzia maiti?" Hataki hata kuiona.

Imebaki kuuzwa kwa uzito. Uzito huo ni jicho moja. Mama ameniuliza, "Lipi?" Haya, nimjibu nini?

Maisha yako yote ni hivi. Ukiambiwa kushoto unakwenda kulia, halafu unatusimulia jinsi ulivyokwenda vizuri. Na hiyo tindikali uliipata wapi, kama si kwa Kidole?

Binti yako

Tarehe 20 Aprili

Wewe,

Marahaba yako hiyo hapo. Afya yangu usiiulize.

Nakurudishia barua yako ya Machi. Tazama nilipozungushia mkaa. Soma!

Umesahau nani alinifundisha kusoma? Ni wewe, ukiwa darasa la tatu, mchangani, kwa kijiti. Ukasema s ni nyoka. Ukasema i ni mti wenye kichwa. Nikibahatisha ukanichapa kidoleni: "Baba, soma iliyopo, usisome unayoitaka!" Watu walinicheka, mtu mzima anachapwa na mtoto wake, nami nikaendelea kwa sababu nilitaka kusoma.

Basi nimesoma iliyopo. Usisafishe ina nyoka watatu. Hapo wamo wawili. Wa tatu umemmeza wewe, halafu unanitapikia mimi sumu. Nimetukanwa na watu wenye mali, na walevi, na Kidole. Sijawahi kutukanwa na damu yangu kwa kosa lake mwenyewe.

Baba

Tarehe 6 Mei

Baba,

Barua imefika imekunjamana na mkaa umelifunika neno lenyewe. Nani anajua umefuta nini? Neno kama hilo siwezi kulikosea. Na hata ningelikosea, niliandika mswaki. Nani alikuandikia nyundo?

Njoo tarehe 20. Sonara atanunua kwa uzito. Mama amechagua jicho la kulia, anasema ndilo alilokuwa akitungia uzi kwenye sindano.

Binti yako

Tarehe 15 Juni

Marahaba mwanangu, ingawa mara hii hukuniamkia,

Nimefika nyumbani salama. Yule sonara wako si mwizi, ingawa nilipomwambia aondoe mkono akasema mzani ni wa umeme. Nikamwambia hata umeme una vidole, apime mara mbili. Akapima. Gramu tisa, sawasawa na karatasi ya duka la dawa. Ningemuuzia Kidole zingekuwa sita.

Wewe na mimi tumekaa benchi moja la hospitali tangu asubuhi hadi alasiri, na neno pekee ulilonipa ni "sogea". Mtoto wa jicho alitoka kwa nusu saa. Mtoto wa tumbo ana miaka arobaini na bado amenuna.

Sikiliza, sitasema mara mbili. Nyundo ni yangu. Tindikali ni ya Kidole, kweli, alinipa bure, nikajiona mjanja. Sasa anacheka mpaka anashika tumbo. Hayo nayabeba mwenyewe.

Lakini nyoka ni wako.

Siku ile mama yako alipofunguliwa bandeji, ulikwenda kufuata dawa ya matone. Nikatafuta kijiko jikoni kwako, na kwenye droo chini ya vijiko nikaikuta barua yako ile ya Machi. Mtu asiye na kosa angeitupa. Nikapuliza mkaa, nikampa mama yako. Yeye hajakanyaga darasa hata siku moja, hajui neno lile linasema nini, hana sababu ya kunipendelea. Nikamchorea nyoka mmoja mezani kwa kidole, nikamwambia, "Mke wangu, nyoka kama huyu ni wangapi hapo?"

Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaweka kidole. Akahesabu. Kisha akacheka, na mimi sijamsikia akicheka tangu mwaka juzi.

Usiniamini mimi, mzee mbishi. Shahidi wangu yupo chumba cha pili, anatunga uzi. Ana jicho moja tu la kushuhudia, kwa sababu yangu na yako. Nenda ukamuulize walikuwa wangapi.

Baba yako