Mkunjo Kwenye Buti la Mwalimu

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Nijibu kwa ukweli, si kwa kunifurahisha: hujambo wewe, wifi hajambo, na yule mtoto ameshaacha kukohoa? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu na anasema ukiandika tena usimwambie umekonda, maana hapati usingizi. Gereji ipo na kazi ipo. Kilichonishikisha kalamu ni mambo ya moyoni, kwa hiyo nakuomba usome ukiwa umekaa, tena usirukeruke mistari kama unavyozisoma barua zangu zote.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitufundisha sura za magari. Alikuwa anafunika picha ya kalenda kwa kiganja, anaacha kona moja tu, nasi tutaje. BMW ina pua mbili. Zilikuwa nyembamba, zikapanuka, zikapungua, zikapanuka tena, lakini hazijawahi kuwa tatu, na dirisha lake la nyuma hupinda kwenye kona ya chini. Volvo ina ule mkanda uliokatiza kifuani. Peugeot 504 ina macho yaliyoinama kama ya mtu aliyetoka kusikia habari mbaya, na buti lililovunjika katikati. Baba alisema kiwanda hubadilisha injini, viti na taa, lakini huacha kitu kimoja ili mjukuu afanane na babu, na fundi wa bodi anayekifuta kitu hicho ameutukana ukoo mzima wa watu.

Basi miezi mitatu iliyopita Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alileta 505 yake, imegongwa nyuma. Bati likanyooshwa, likapakwa rangi, akashukuru akaenda zake. Siku ya pili alirudi. Hakugomba, unajua alivyo mpole. Aliniita pembeni akaniambia mkewe ameuliza kwa nini gari lao limebadilika makalio. Nikazunguka nyuma kutazama. Kaka, buti lilikuwa limevunjwa katikati na kuteremka vilevile kama la 504, wakati la 505 halina mvunjiko ule. Wala haikuwa bahati mbaya. Mkunjo ulikuwa umegongwa kwa ufundi, kushoto na kulia sawasawa, kazi safi kabisa isipokuwa haikuwa ya gari lile.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Baba sikumfikiria, au ndivyo nilivyojiambia; mtu aliyeanza kugonga mabati kabla Mama hajamjua atakoseaje buti? Akabaki Baba Mdogo Taratibu. Ningepaswa kuona aibu, maana hata kama si ndugu wa damu, ndiye mpaka rangi wetu kwa miaka ishirini na sita na ametubeba mgongoni sote wawili. Hilo jina tulimpa sisi, kwa kuwa hata nyumba ikiungua atasema taratibu. Kweli wiki ya gari la Mwalimu alikuwa anaumwa, hakufika kazini siku tano, lakini nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba bila shaka alipitisha mkono wake kabla hajaugua.

Toka hapo nikawa namchunga. Mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya utaona ana njama. Nilimwona anasimama na wateja getini, ananong'ona nao, na mimi nikikaribia anaanza kusifia hali ya hewa. Nilimwona anapitisha vidole kwenye madgadi ambazo Baba amezimaliza, anatikisa kichwa. Nikagundua pia kwamba anafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla yetu sote, anafungua kwa ule ufunguo wa zamani niliodhani umepotea. Nikasema huyu anataka kumwaibisha Baba ili wateja wamkimbie, kisha afungue gereji yake.

Siku moja nami nikawahi, nikajibanza stoo nyuma ya milango chakavu. Aliingia, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye Benzi ya mfamasia ambayo jana yake Baba alikuwa ameiziba mabonde kwa puti, ule udongo wa kusawazishia bati. Akachukua msasa na patasi, akaanza kukwangua ule mstari wa ubavuni, kazi ya Baba ya siku nzima, mpaka likabaki bati tupu. Nilitoka nikapiga kelele kama mwenye wazimu. Alinitazama tu na vumbi la puti kwenye nyusi. Aliniambia taratibu, mwanangu, tumsubiri baba yako.

Baba alipofika nilimshitaki mbele ya mfamasia mwenyewe na mbele ya muuza vipuri wa jirani, aliyekuja kusikiliza kwa kisingizio cha kuazima jeki. Nilisema yote, na mengine niliyaongeza. Baba Mdogo hakujitetea. Alimtazama Baba, akamtazama muda mrefu, na Baba akainamisha uso akasema labda ni vizuri apumzike nyumbani kwanza. Miaka ishirini na sita iliishia hapo. Alinawa mikono, akakunja aproni yake, na alipofika getini akanikumbusha nifunike madebe ya rangi yasikauke. Ndipo nilipokuandikia ile barua fupi ya furaha, nawe ukajibu kwamba hukuwahi kumwamini. Samahani, Kaka, barua ile uichane.

Kwa sababu Baba alianza upya ule mlango wa Benzi, akashinda nao kutwa, akaniita akaniuliza kama mstari umekaa sawa. Ulikuwa umepita vidole viwili juu ya mstari wa madgadi ya mbele. Kwenye Benzi za zamani, zile alizozijua ujanani, labda ndipo ulipokuwa ukipita. Mkono wake ulikuwa umelikumbuka gari jingine. Nilimjibu kwamba umekaa sawa kabisa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa pale na msasa na patasi, nakwangua kazi ya baba yangu.

Nimefanya hivyo wiki tatu sasa. Juzi nikashindwa, nikaenda kwa Baba Mdogo. Alinipa kiti, akanieleza bila kinyongo kwamba Baba alianza kuona ukungu mwaka jana, akamwapisha asituambie, na kwamba wale wateja wa getini alikuwa anawaomba radhi na kuwasihi warudishe magari arekebishe. Mwenzake anapogonga kwa kumbukumbu, yeye anafuta na kurudisha sura. Nilimwomba arudi. Alisema mimi nimeshasamehewa, ila hatarudi kwa kuitwa na mimi. Atarudi akiitwa na yule aliyenyamaza.

Huenda ni mtoto wa jicho tu, Kaka, na mtoto wa jicho hutolewa. Lakini hutolewa kwa mtu aliyekubali kwamba haoni, na Baba anaogopa kwamba siku akikubali, hatashika nyundo tena.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Kama Baba Mdogo alikuwa kitandani wiki ile, nani alipaka rangi buti la Mwalimu? Ni mimi. Niliuona ule mkunjo kabla sijafungua debe. Nilimwita Baba, akapitisha kiganja chake juu ya bati polepole, akatabasamu, akasema hilo ndilo buti lenyewe. Na macho yake, Kaka, yalikuwa yanatazama ukutani. Nilielewa pale pale. Nikapaka rangi, nikanyamaza, na Mwalimu aliporudi nikatafuta wa kumbebesha, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kuwa na baba mdogo mwovu kuliko kuwa na baba asiyeona. Sikumshuku yule mzee kwa bahati mbaya. Nilimsingizia, nikijua.

Mpaka hapo niliandika jana. Leo mchana, baada ya kula, nilimsomea Baba barua hii yote, hata mahali panaponiumiza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale Baba Mdogo aliposema atarudi akiitwa na nani. Nikarudia. Akauliza kama saa hizi anaweza kuwa nyumbani. Nikasema yupo. Akasema njia ya kwenda kule ina mitaro, na yeye mitaro haioni.

Msalimie wifi, mbusu mtoto, na umwandikie Baba, nitamsomea. Naiachia hapa kwa sababu amesimama mlangoni, amenyoosha mkono, anangoja niushike.

Ni mimi mdogo wako wa pekee,
Nyundo