Ngazi ya Duka la Mama Eugene

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Magdaline Nyathira (Mama Eugene)
Umri: Miaka 56
Kazi: Mwenye duka la rejareja
Makazi: Soko la Roret, Bureti
Tarehe: Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilihamia Roret na marehemu mume wangu kutoka Nyeri, na duka langu linatazamana na barabara ya kwenda kituo cha kuuzia majani ya chai. Ninamfahamu Weldon Kipkurui, mkulima, mume wa Nelvine na baba wa Chepchirchir. Yeye ni mteja wangu wa miaka mingi.

Weldon alikuwa na mgongo mbovu hata kabla ya ajali. Naomba hilo liandikwe kwanza, kwa sababu ndilo linalobishaniwa.

Aliumia zamani akipakua mbolea. Tangu hapo hakuweza kutua kikapu cha majani chini, maana kutoka chini asingeweza kukiinua tena. Kwa hiyo alikuwa akifika dukani kwangu anageuka, anarudi kinyumenyume, anakiegemeza kikapu kwenye ngazi yangu na kupumzika. Akitaka kuondoka anapiga goti moja, anakaza kamba za kikapu mabegani, anainuka polepole. Nilikuwa nikimtania kwamba nitamtoza kodi ya ngazi, naye anacheka. Nilimuuzia dawa ya kuchua mara nyingi. Mimi si daktari, lakini si kipofu pia. Kwa mgongo huohuo alichuma chai, alikamua ng'ombe na alisomesha watoto watatu.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Mei 2024, mwendo wa saa nne asubuhi, nilikuwa kaunta. Weldon alikuwa amepiga goti mbele ya ngazi, kamba ziko mabegani. Gari dogo jeupe la Bwana Naftaly, ambaye ni mfanyabiashara hapo sokoni, lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye kinu cha posho. Naftaly hakutazama nyuma. Weldon aliliona likija, lakini kikapu kilikuwa kimemfunga, hakuweza kukimbia. Lilimbana kwenye ngazi. Nilipiga kelele, gari likasimama.

Naftaly aliteremka na kuomba msamaha. Weldon aliinuka mwenyewe, akampa mkono, kisha akaanza kuokota majani yaliyomwagika. Afisa wa trafiki alipofika akamuuliza kama ameumia, alijibu, "Niko sawa, afande." Jibu hilo likaandikwa. Mimi nilimwambia mbele ya watu wote aende hospitali. Akasema, "Mama Eugene, wacha tu. Mwanaume hawezi lia barabarani." Wanaume wa huku hufunzwa ujanani wasionyeshe uchungu, na Weldon alifunzwa vizuri kupita kiasi.

Kesho yake hakuweza kutoka kitandani. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Alipelekwa hospitali ya Longisa, na madaktari wakasema anahitaji upasuaji, la sivyo mguu huo hautarudi. Familia haina uwezo, ndiyo maana wamedai fidia. Kampuni ya bima imekataa. Inasema picha za hospitali zinaonyesha mgongo uliharibika zamani, na kwamba yeye mwenyewe alisema yuko sawa.

Mwezi wa Julai, asubuhi moja, nilimwona Weldon akija na kikapu kitupu. Alikuwa anatembelea fimbo. Aligeuka, akakiegemeza kikapu kwenye ngazi kama zamani, akapiga goti, akajaribu kuinuka. Hakuna kitu kilichokuwa ndani ya kikapu hicho. Alijaribu tena, akashindwa. Nilijifanya napanga sabuni ili asijue naona. Mvua ilianza akiwa bado amepiga goti, ndipo nikatoka na kumshika chini ya makwapa. Aliniambia, "Usiambie Nelvine." Nilimwahidi. Leo nimevunja ahadi hiyo, na inaniuma.

Jana jioni mke wake, Nelvine, alikuja dukani. Aliomba niseme kwamba mume wake hakuwa na shida yoyote kabla ya ajali. Alisema, "Wakisikia tu mgongo, wanatufungia mlango." Nilimwambia siwezi. Nikisema alikuwa mzima, nitakuwa nimefuta miaka yote aliyofanya kazi akiwa na maumivu, na hakuna mwingine aliyeiona kazi hiyo kwa karibu kuliko mimi. Aliondoka bila kuniaga. Sijui kama atanisemesha tena.

Mgongo ulikuwa mbovu, nakubali. Lakini alikuwa anainuka. Kila asubuhi ya kuchuma nilimwona kwa macho yangu akiinuka, na tangu gari lile limbane hajainuka na kikapu tena. Alichonyang'anywa ni hicho.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ninayoyajua, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Nyathira

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni sahihi na kutia sahihi mbele yangu. Mlalamikaji, Weldon Kipkurui, alimsindikiza shahidi na kumsubiri nje ya mlango. Nilimpelekea kiti mara mbili. Mara zote mbili alisema yuko sawa. Kwa muda wote huo alisimama ameshikilia nondo za dirisha kwa mikono miwili. Naomba hilo nalo liwekwe kwenye faili.

Koplo Bosire