Beseni la mupunga

Wamaza, Jumanne

Sumu! Neno hilo lilinitokaje kinywani?

Asubuhi nilipomukuta mbuzi wangu amekufa, naye amenona vile, nilipiga kelele mbele ya watu kwamba jirani yangu Mama Zaina amemutilia sumu. Aliingia ndani tu.

Muchana muganga wa wanyama akapita na pikipiki, akauliza: «Mama, jana alikula nini?» Nikamwambia kila siku ni majani, ila jana, kwa furaha ya mavuno, nilimumwagia beseni zima la mupunga.

«Ndiyo hiyo, mama. Tumbo lilizoea majani. Chakula kingi cha gafula kinaua, tena wanene ndio wa kwanza.»

Mikono yangu mwenyewe.

Jioni nilifika mpaka mulangoni kwa Mama Zaina, nikarudi. Nilipofiwa na bwana yangu, mbuzi yule ni huyo Mama Zaina alinipa.