Majani ya Bonde la Chini

Nyakatuntu, Karagwe,
Posta ya Bukoba.
19 Agosti 1951.

Mpendwa Dada Rozi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Tabora, na shemeji Placidius anaendeleaje na kazi yake ya reli? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Pasaka kimekuachia? Huku baba ni mzima wa mwili, ila macho yake sasa yamezimika kabisa. Jovitha mke wangu naye hajambo. Ningependa nibakie hapa kwenye salamu, maana nikiziacha itanibidi nikuambie.

Bihogo amekufa, dada. Yule ng'ombe mwekundu ambaye mama alikuachia, uliyeniomba nisimuuze hata njaa itushike vipi. Alikuwa wa mwisho. Marehemu mama alitukataza kuhesabu ng'ombe tusije tukawaletea mkosi. Sasa katazo hilo halina kazi tena.

Ni wale nzi, mbung'o. Manyoya ya ng'ombe wetu yalisimama, macho yakachuruzika machozi, wakakonda huku majani yakiwa mbele ya midomo yao. Bihogo alijikokota hadi langoni mwa zizi, akalala, akanilamba mkono mara moja. Ulimi ulikuwa umekauka kama mkeka. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa nikuambie lile ambalo hata padri sijamwambia. Ni mimi niliyewapeleka. Mvua za masika zilipokwisha, huku juu kulibaki vumbi tu, nikashuka bonde la chini, kule watu walikohama kwa kuogopa mbung'o. Unakumbuka baba alivyotufundisha: chuma majani, yafikiche viganjani, nusa, kisha tafuna kidogo. Nilifanya hivyo hivyo. Yalinukia vizuri mpaka mate yakanijaa mdomoni. Nikajiambia kwamba waliohama ni waoga tu. Mbung'o hana harufu, dada, na mimi niliiamini pua.

Bonde lenyewe halina habari. Nyati wamenenepa. Wale ndege waliokuwa wakishinda mgongoni mwa Bihogo wakimtoa kupe sasa wamehamia kwa nyati, na kelele zao ni zile zile. Mimi nilidhani nchi hii inatuhitaji, sisi na ng'ombe wetu. Haijatuulizia hata siku moja.

Jovitha bado anafukiza vibuyu vya maziwa kila asubuhi. Nimemwambia aache, kesho yake anafukiza tena. Nyumba nzima inanukia moshi ule, nami nashikwa na hamu ya maziwa ambayo hayapo.

Jumapili, baada ya misa, baba aliniambia nimshike mkono nimpeleke bondeni. Nikajua amekwishafahamu. Njia nzima nilingoja anilaani. Alipiga magoti, akachuma majani, akayafikicha, akanusa kwa muda mrefu, akatafuna. Kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi ningewaleta hapa."

Afadhali angenilaani. Kosa lingekuwa langu peke yangu, ningetubu, yakaisha. Lakini kama pua ya baba nayo ingewaua, basi yote aliyotufundisha hayafai kitu, na mimi sikufundishwa mengine. Naamka, natoka nje, nasimama. Sijui niende upande gani.

Wasalimie sana shemeji na wapwa wangu Gosbert na Kokushubira. Shangazi Kyarimpa anawasalimu nyote, na anauliza kama huko ndizi za kupika zinapatikana. Mungu awalinde huko ugenini, awape riziki isiyotegemea majani.

Ndani ya karatasi hii nimekunja majani kidogo ya bonde lile. Yafikiche viganjani, dada, uyanuse. Ukiona yana kasoro yoyote, hata ndogo, niandikie upesi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwesigwa Kakuru