Neno "Marehemu" katika Hadithi Yako

Nchelenge, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba jambo moja: usimpelekee mchapaji hadithi yako kabla hujavuka ziwa na kuonana na dada yako. Nimelitanguliza ombi hili mbele ya salamu, nawe uliyenifundisha kusalimu kabla ya kuomba utanisamehe. Sasa nisalimu inavyopasa. U hali gani, Mama? Mgongo bado unakusumbua ukikaa muda mrefu mezani? Baba anaendeleaje? Mimi ni mzima. Kazi ya ukalimani hapa ofisini inaniendea vema, na mkuu wangu amenidokezea kwamba mkataba wangu huenda ukaongezwa. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ila nilitaka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Hadithi yako ilinifikia salama. Niliisoma nikiwa bado na viatu miguuni, na nilipofika mwisho bukari ilikuwa imepoa sahanini. Tangu utoto nilijua kwamba ulipokuwa msichana uliandika, kwa maana Bibi alipenda kutuchekesha kwa habari za binti yake aliyeunguza sufuria ya sombe akitafuta mwisho wa sentensi. Nilijua pia kwamba uliacha ulipoolewa, ukashona nguo za watu ili sisi tusome. Sikujua kwamba unaweza kuandika hivi. Ule ukurasa wa mwisho, ambapo mwanamke anakigeuza kiti chake ili asiendelee kuitazama barabara akimngoja mumewe, niliurudia mara tatu.

Jumatano niliipeleka kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala kama ulivyoagiza, ili nimsomee Mama Mkubwa Veronika, kwa kuwa habari ni yake. Alifurahi mno. Akawaita majirani waliokuwa wakimenya karanga naye.

"Mukuye musikie! Mudogo yangu anaandika kitabu. Watoto wamekomaa, yeye anarudi ku masomo!"

"Atuandike na siye," akasema Mama Jeanne, jirani yake. "Lakini miye aniweke mwembamba."

"Na meno yote?"

"Na meno yote, ndiyo! Kitabu si ni cha bure?"

Wakacheka. Pembeni alikaa Bana Mulenga, mama wa Kizambia wa hapa Nchelenge ambaye huwapelekea samaki wakavu. Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, punguza, kesho nitaleta. Nikasoma kwa sauti niliyoiona inaistahili kazi yako, hadi pale ulipoandika kwamba marehemu mume wake alipenda kahawa isiyo na sukari. Mama Mkubwa akainua mkono.

"Ngoja kwanza, mutoto. Rudilia pale."

Nikarudia.

"Marehemu njo nani?"

"Ni Baba Mkubwa Ilunga, Mama. Katika hadithi."

"Alikufa siku gani?"

Nikazipekua karatasi.

"Ninakuuliza, weye mutu wa masomo, wa licence. Alikufa siku gani? Nani alimuzika? Miye nililala chini ku matanga siku ngapi?"

Mama, wewe unajua kuliko mimi. Tangu walipopotezana wakikimbia risasi, hakuna aliyemwona Baba Mkubwa akiwa hai wala akiwa maiti. Mama Mkubwa hakukaa matanga, hakunyoa nywele, hakuruhusu mtu yeyote amwite mjane. Pengine sisi wa Lubumbashi tulimzika kimoyomoyo zamani, tukasahau kwamba hatukumwambia.

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Lakini Bana Mulenga, ambaye hakuwa ameelewa hadithi, alilielewa neno hilo moja, kwa kuwa hulisikia katika matangazo ya misiba kanisani hapo kambini. Akautazama uso wa Mama Mkubwa, akajitwika beseni lake, akaondoka kimya. Nililala huko kwa sababu usafiri ulikuwa umekwisha. Asubuhi tukashtuliwa na vilio. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, vitenge vimefungwa kiunoni, wameleta unga na makaa, na mbele yao Bana Mulenga na samaki wake wakubwa kuliko wote.

"Mayo, Mama Veronika! Twaisa ku malilo!" akalia kwa Kibemba, kisha akajitahidi kwa Kiswahili: "Tumekuja matanga. Tumekuja kulia na weye."

Mama Mkubwa alitoka akiwa na kitana bado kichwani. "Munamulilia nani?"

"Bwana yako, mama."

"Nani alileta habari?"

Bana Mulenga akaninyooshea kidole. "Ule kijana. Alisoma barua."

Mama, aliidhani hadithi yako ni barua ya msiba! Nikaeleza kwa Kibemba, nikaeleza kwa Kiswahili, kwamba ni jambo la kutungwa tu, na kila nilipoeleza nikazidi kuharibu. "Kumbe munachezea kifo?" akauliza Mama Jeanne, yule yule aliyekuwa akicheka jana yake. Waliondoka na unga wao. Bana Mulenga alikuwa akilia kwa aibu, akaacha samaki kizingitini. Mama Mkubwa akamkimbilia na kumrudishia mikononi. "Nikikula hii," akamwambia, "nimemuzika."

Tulipobaki wawili nilimwambia kwamba ni neno moja tu, linaweza kufutwa.

"Ukifuta lile neno, ule mwanamuke atageuza kiti sababu ya nini?"

Hapo alinishika, kwa maana uzuri wa hadithi yako wote umekaa juu ya kifo hicho. Kisha akasema, bila hasira: "Mudogo yangu anatafuta mwisho. Mwambie hata miye ninautafuta."

Hii ndiyo sababu hapokei simu zako tangu Alhamisi. Si simu iliyoharibika.

Ninaogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba utaichapisha hivyo hivyo, kwa kuwa ni nzuri. La pili ni kwamba utasoma barua hii, uifungie hadithi sandukuni, na kurudi kwenye pindo za magauni, usiandike tena maishani. Siwezi kukuambia ni lipi linalonisumbua zaidi. Wala sijui, pamoja na masomo yote uliyonilipia, hadithi hiyo inapaswa iishe vipi. Najua tu kwamba haiwezi kumalizwa huko bila yeye.

Msalimu Baba, na umwombe asikuzuie safari. Msalimu Bibi, lakini usimweleze haya. Msalimu mdogo wangu wa bweni akija likizo, na yule fundi mwenzako anayekutania kwa kukuita Mama Mwandishi. Mwambie aendelee kukuita hivyo.

Panda gari hadi Kilwa Ijumaa, ulale kwa binamu yako, uvuke na mashua ya asubuhi. Nitakungoja ufukweni hapa Nchelenge, mashua za Kilwa zinapofikia, Jumamosi saa nne asubuhi. Mama Mkubwa amesema tutakuja pamoja kukupokea. Hakusema kama atakusalimu.

Mwanao akupendaye na kukuheshimu,
Kasongo